Siku Moja ya Mama: Kigoma Hadi Ujiji

Je, mama mwenye mume na watoto anaweza kusafiri peke yake, si kwa ajili ya msiba, kliniki wala soko? Sisi tunasema anaweza, na kwa aliyeko Kigoma safari yenyewe ni fupi. Kutoka mjini, penye stesheni ya reli iliyofika hapa mwaka 1914, hadi Ujiji ni kama kilomita 8 tu. Panda daladala, pita Mwanga, na muda si mrefu umefika.

Tukisikia Ujiji, wengi wetu twakumbuka Stanley alipomkuta Dk. Livingstone mwaka 1871. Mnara wa kumbukumbu upo, na makumbusho pia. Lakini twakuomba usimame kidogo chini ya miembe. Hapa paliishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa walivushwa kwa mitumbwi, kisha wakaswagwa kwa miguu kuelekea pwani. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto. Hao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri, na wengi hawakurudi kwao kamwe.

Hata baadaye mwanamke hakuachiwa kwenda atakako. Jane Goodall alipokuja Gombe, kaskazini mwa Kigoma, mwezi Julai 1960, alikuwa na umri wa miaka 26. Wakuu wa serikali ya kikoloni walikataa akae porini peke yake, ikabidi mama yake, Vanne, afuatane naye. Mama huyo hakukaa bure. Aliwagawia wavuvi na jamaa zao dawa.

Basi, mama, kwenda kwa hiari na kurudi kwa amani ni baraka. Usiione kuwa ni uvivu. Zungumza na baba watoto mapema, usiondoke kimyakimya. Mwachie watoto mtu unayemwamini, na useme utarudi saa ngapi. Nauli ya kurudia ifunge mbali na fedha nyingine. Chukua maji na kanga. Ukifika ufukoni, wasalimie akina mama wanaoanika dagaa, ununue na migebuka ya jioni. Rudi jua lingali juu.

Na wakati wa chakula, wasimulie watoto, hasa mabinti, habari za wale waliopita njia hiyo pasipo hiari yao.