Nyota njema si lazima ionekane asubuhi!

Leo tuyape likizo yale ya ndoa na mavazi, tuvuke Bahari ya Hindi hadi Australia. Huko kila mwaka ikifika Novemba, watu wazima na akili zao wanakesha wakibishana juu ya vijana wa miaka 18 ambao wengine hawajawaona uwanjani hata mara moja. Mume anamkalia kimya mke, dereva anapitiliza kituo, yote kwa sababu ya mtoto wa watu ambaye juzi tu alikuwa anafanya mtihani wa shule!

Ubishi wenyewe unahusu drafti. Siyo drafti ile ya vizibo vya soda tunayoijua vijiweni, la hasha. Hii ni siku ambayo timu za kandanda ya Kiaustralia zinagawana vijana wapya, mmoja mmoja, kwa zamu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, si soka na wala si raga. Uwanja una umbo la yai, kila timu inaingiza watu 18, na mpira umechongoka kama papai. Golini kuna milingoti minne. Ukipiga mpira ukapita katikati ya ile miwili mirefu unapata pointi 6, ukipita pembeni unaambulia pointi 1. Mpira unaruhusiwa kuushika kwa mikono, lakini kumpa mwenzako ni lazima uupige kwa mguu au uugonge kwa ngumi. Kuurusha tu hivi hivi, filimbi!

Sasa utamu uko kwenye usajili. Ligi yao kuu, AFL, ina timu 18, na kijana mpya haendi kwa tajiri mwenye bahasha nene. Timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza, bingwa anasubiri mwisho wa foleni. Mtindo huu ulianza mwaka 1986, na wa kwanza kabisa kuitwa jina alikuwa Martin Leslie, aliyechukuliwa na Brisbane Bears. Kijana mwenyewe hana sauti. Anaweza kuwa amezaliwa Perth, akaitwa na timu ya Melbourne, na hapo hapo anafunga mabegi kwenda kuishi zaidi ya kilomita 2,500 kutoka jikoni kwa mama yake.

Kwa shabiki ambaye timu yake imefungwa msimu mzima, ambaye kila Jumatatu anachekwa kazini, Novemba ndiyo sikukuu yake pekee. Hana kombe, ana namba 1. Ndiyo maana ushabiki wa drafti una moto wake. Mtu anaweza kukutajia kilo, kimo na mguu anaopigia kijana wa kijijini ambaye hata jirani zake hawamfahamu vizuri.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Mimi ninayeufuatilia mchezo huu kwa ushabiki tu, nasema wahenga hawakuiona drafti ya mwaka 2001.

Mwaka ule Fremantle ilishika mkia, ikawa na haki ya kuchagua kwanza. Badala yake ikawapa Hawthorn namba 1, namba 20 na namba 36, ikachukua wachezaji wawili waliokwisha komaa, Trent Croad na Luke McPharlin. Kwa namba 1 Hawthorn wakamchukua Luke Hodge, na kwa namba 36 wakamchukua Sam Mitchell. Hodge akaja kutwaa makombe manne, 2008, 2013, 2014 na 2015. Mitchell, ambaye hakuwa mrefu wala mwenye mbio za kutisha, ndiye aliyekuwa nahodha wa kombe la 2008. Na hata huyo Croad baadaye alirudi Hawthorn, akawemo kwenye kikosi hicho hicho cha 2008! Biashara gani hiyo, jamani?

Subiri, bado. Kule kuna Medali ya Brownlow, wanayopigia kura waamuzi kumpata mchezaji bora na mwenye nidhamu wa msimu. Kuanzia 2009 hadi 2013, miaka mitano mfululizo, medali hiyo ilikwenda kwa vijana wa drafti ile ile ya 2001. Gary Ablett mdogo, namba 40, aliipata 2009 na 2013. Chris Judd, namba 3, aliipata 2010, baada ya ile ya 2004. Dane Swan aliipata 2011. Mitchell, pamoja na Trent Cotchin ambaye hakuwa wa drafti ile, alipewa ya 2012 baada ya aliyekuwa ameshinda kuvuliwa. Unajua Swan alichaguliwa wa ngapi? Wa 58! Maana yake majina 57 yalisomwa kwanza na watu wenye mishahara ya kutafuta vipaji, wakiwa na madaftari na saa za kupimia mbio.

Tena kwa Ablett kuna jambo la kuchekesha. Yeye hakugombaniwa. Kuna sheria ya baba na mwana. Baba akiwa ameichezea timu mechi 100 au zaidi, timu hiyo ina haki ya kwanza kwa mwanawe. Baba mtu alikuwa mfalme pale Geelong, na kwa kanuni za wakati ule mtoto akapatikana kwa bei ya chaguo la raundi ya tatu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na Geelong waliuziwa nyoka kwa bei ya mjusi. Siku hizi kanuni zimekazwa, timu inalipa kwa pointi kulingana na thamani ya kijana. Hata hivyo mambo bado ni yale yale. Nick Daicos, mtoto wa Peter Daicos, aliingia Collingwood kwa sheria hiyo mwaka 2021 akiwa namba 4, na 2023 akavaa medali ya ubingwa.

Sasa geuza sahani usikilize upande wa pili. Mwaka 2008 Melbourne walimchagua Jack Watts namba 1. Kijana mrefu, sura nzuri, mpira unamtii. Juni 2009, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akatupwa kwenye mechi kubwa dhidi ya Collingwood mbele ya umati wa kufa mtu. Alipogusa mpira, wanaume wakamrukia kama nyuki. Toka siku hiyo kila alilofanya lilipimwa kwa ile namba 1. Alicheza mechi zaidi ya 150 pale Melbourne, idadi ambayo vijana wengi wanaiota tu, lakini mitaani aliitwa hasara. Hasara kwa nani? Yeye hakujichagua!

Mwaka uliofuata Melbourne hao hao walikuwa na namba 1 na namba 2, wakawachukua Tom Scully na Jack Trengove. Kulikuwa na maneno kwamba msimu ule hawakujituma ili wapate nafasi nzuri ya kuchagua. Uchunguzi ukafanyika, na mwaka 2013 ligi ikasema timu haikufungwa makusudi, ila ikaitoza faini ya dola 500,000 za Australia kwa mwenendo wa baadhi ya viongozi wake. Basi, Melbourne walipokuja kuvunja mwiko na kutwaa kombe mwaka 2021, la kwanza tangu 1964, Scully na Trengove walikuwa wameshaondoka zamani. Nahodha alikuwa Max Gawn, jitu refu lenye ndevu, waliyemchukua mwaka ule ule wa 2009 akiwa namba 34. Goti lilimsumbua, miaka ikapita, watu wakamsahau. Siku ya kombe alikuwa na miaka 29.

Kutokana na hayo, nimejiwekea vipimo vyangu vya kienyeji vya kumpima kijana wa drafti. Msomaji ukivutiwa na mchezo huu, vichukue bure.

Kwanza, usimpende kijana kwa video ya dakika mbili. Humo kila mtu ni shujaa. Mwangalie wakati hana mpira. Je, anakimbia kuziba nafasi, au anashika kiuno akisubiri aletewe?

Pili, angalia mguu wa pili. Kijana anayepiga kwa mguu mmoja tu, wakubwa watamsukumia upande ule mbovu mpaka ajute.

Tatu, siku ya vipimo isikutie wazimu. Wanapimwa mbio za mita 20, mbio za kilomita 2, kuruka juu na kukwepa vigingi. Vizuri sana, lakini hapo wanapima miguu. Utulivu wa mtu anayekimbiliwa na watatu haupimwi kwa saa.

Nne, uliza mwezi wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanaingia drafti moja, lakini mmoja amekula ugali karibu mwaka mzima zaidi ya mwenzake. Katika umri ule, mwaka ni mwili. Gawn alizaliwa Desemba 30, 1991, kwa hiyo siku anaitwa jina alikuwa bado na miaka 17.

Tano, mrefu mpe muda. Viungo wafupi wanaweza kung'ara wakiwa na miaka 19, lakini warefu wa kuruka katikati na wa kugombea mipira ya juu huiva polepole kama ndizi ya mkungu. Usiibonyeze kila siku, utaitia alama.

Sita, na hili mashabiki wengi hulipuuza, uliza kijana anaenda wapi na nani atamlea. Mwaka 2021 North Melbourne walimchukua Jason Horne-Francis namba 1. Kijana wa Australia Kusini. Msimu mmoja tu, akarudi kwao kuichezea Port Adelaide. Wakamzomea kila kona. Lakini muulize mzazi yeyote, mtoto wa miaka 18 akililia nyumbani ni msaliti au ni mtoto?

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Tom Boyd, namba 1 wa mwaka 2013 aliyechukuliwa na timu ya GWS. Baada ya msimu mmoja alihamia Western Bulldogs kwa mkataba wa miaka saba wenye fedha nyingi kuliko umri wake. Mwaka 2016 alifunga magoli matatu kwenye fainali, Bulldogs wakapata kombe la kwanza tangu 1954. Ungedhani hapo mtu anastarehe maisha yake yote. Mei 2019, akiwa na miaka 23, alistaafu, na amesema hadharani jinsi sonona na kukosa usingizi vilivyomtesa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hakulitia maji. Sifa zenyewe ndizo zilikuwa mzigo.

Sasa sikia hili, maana linatugusa wenyewe. Katika drafti hiyo hiyo ya 2013, jina la 44 kusomwa lilikuwa la kijana aitwaye Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita ya Sudan. Familia ilihamia Australia yeye akiwa mtoto, na mpira ule uliochongoka ameukuta huko huko. Sydney Swans walimchagua, wakamlea taratibu, hadi 2016 ndipo akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi. Baadaye akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi cha Australia nzima, wale walio bora wa msimu.

Pima mwenyewe. Namba 1 alistaafu 2019. Namba 44, mtoto wa Kakuma, miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa mabeki bora wa nchi. Hakuna anayeweza kusema huyu alikuwa bora kuliko yule siku ile ya Novemba. Tofauti ni kwamba mmoja aliingia na taifa zima likimdai, mwingine aliingia hadaiwi na mtu.

Sisemi namba 1 ni mkosi, msinielewe vibaya. Matt Rowell alikuwa namba 1 wa 2019, Gold Coast. Alianza kama moto wa kifuu, bega likamwangusha mwaka 2020, midomo ikaanza. Mwaka 2025 akabeba Medali ya Brownlow. Miaka sita, mabibi na mabwana! Walioanza kumzika mwaka wa pili sasa wanasema walijua tangu zamani.

Basi ushauri wangu kwa shabiki wa drafti, na kwa yeyote mwenye tabia ya kupima watoto wa wenzake, ni mmoja. Ubishi endelea nao, ndiyo raha ya mpira. Andika majina yako kwenye karatasi, ifungie kabatini, uifungue baada ya miaka mitano. Kabla ya hapo usimwite kijana hasara, kwa sababu anasikia, na mama yake anasikia.

Kwa leo naweka kalamu chini. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye yale mambo yetu ya nyumbani. Wasalaam!