Kompyuta ya Nyumbani

Binti yangu aliyeolewa Kericho, huko kwenye mashamba ya chai, alinipigia simu akihuzunika: Microsoft imekoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yao ni kongwe, haiwezi kupokea mpya.

Nikamuuliza, “Hiyo mliyo nayo mliinunua?” Akanyamaza. Fundi aliwatilia nakala ya wizi. Nami, Mola anisamehe, niliwahi kuiandikia safu hii kwa nakala kama hiyo.

Sasa wametia Ubuntu, itolewayo bure kwa ridhaa ya walioitunga. Kwanza walihifadhi picha za marehemu mkwewe kwenye flashi, wakaijaribu kutoka flashi ya pili. Printa ingali yagoma, mumewe analalamika.