Makanisa ya Mulot na Vijana Waliorudi Kutoka Kwenye Chai

Ndugu zangu waumini wa Mulot, wa upande wa Bomet na wa upande wa Narok, nina neno nanyi.

Tangu makampuni ya Waingereza yaanze kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, kijana wa huku aliyekosa shamba au karo alijua pa kwenda. Aliingia kambini, akachuma majani, na mwisho wa mwezi akatuma kitu nyumbani. Mlango huo sasa unafungwa. Mashine moja ya kuchuma chai inachukua kazi ya wachumaji wengi, na hasira za Mei 2023, mashine zilipochomwa moto Kericho, hazikuwarudishia watu vibarua vyao. Vijana wamerudi. Mchana tunawaona stendi wakigombania abiria wa bodaboda. Jioni wako kwenye chang'aa.

Je, kanisa linawaona?

Wenye makampuni wako ng'ambo. Ofisi za kaunti ziko Bomet mjini na Narok mjini. Kanisa liko hapa hapa, lina kiwanja, lina mweka hazina, na kila Jumapili linakusanya watu wanaoaminiana hata kwa fedha. Nani mwingine Mulot ana hayo yote?

Tena msiniambie kwamba kazi ya kanisa ni roho tu. Hospitali ya Tenwek si mbali. Wamisionari walianza na zahanati katika miaka ya 1930, daktari wa kwanza, Ernest Steury, akafika 1959, na ilipohitajika stima ya kutegemewa, maji ya maporomoko ya mto Nyangores yakaanza kuizalisha mwaka 1987. Hakuna aliyesema mitambo haihusiani na Injili. Huko Kilembe, magharibi mwa Uganda, uchimbaji wa shaba ulisimama mwaka 1982, lakini hospitali ya mgodi iliendelea kutibu watu, na Jimbo Katoliki la Kasese ni miongoni mwa waliobeba mzigo huo.

Sisi harambee zetu ni za mabati, viti na vipaza sauti. Sizipingi, mvua ya huku twaijua. Lakini sehemu ya harambee moja ingemlipia kijana karo ya chuo cha ufundi. Mashine hizo hizo zilizomtoa shambani zinahitaji mafundi wa kuzitengeneza. Kwa nini fundi huyo asiwe mtoto wetu?

Na liko jambo zito zaidi. Mji wetu uko mpakani, Wakipsigis na Wamaasai wanauza na kununua soko moja, na kila maneno ya ardhi yanapochochewa, anayetafutwa kwanza kwenda kurusha mshale ni kijana asiye na kazi. Wachungaji wetu hukutana baada ya nyumba kuungua. Inafaa wakutane wakati wa amani, na vijana wa pande zote mbili wapewe kazi ya kufanya pamoja: kingo za mto Amala zinahitaji miti, na kitalu cha miche hakihitaji mtaji mkubwa.

Basi wazee wa kanisa, kabla harambee nyingine haijatangazwa, kila kanisa liandike majina ya vijana wake waliorudi, ujuzi walio nao na ufundi wanaotaka kujifunza, na orodha hizo zisomwe mbele ya wachungaji wa pande zote mbili za mpaka.