Maili za ndege ni mtaji wa duka, sio zawadi ya aliyesafiri

Wafanyabiashara wa mtandaoni tunajua kuhesabu. Kilo moja ya mzigo kutoka Guangzhou tunajua ni shilingi ngapi. Bodaboda wa kupeleka oda Tegeta tunajua anachukua ngapi. Hata bando la kupostia bidhaa tunaliandika kwenye daftari. Lakini kuna kitu tunakilipia kila tukipanda ndege kufuata mzigo, hakiandikwi popote, halafu muda wake unaisha kimya kimya. Hizo ni maili za ndege, na ndugu yake, pointi za hoteli.

Nimesema tunakilipia, na nimemaanisha hivyo. Programu hizi za wateja wa kudumu zilianza kushika kasi mwaka 1981, shirika la American Airlines la Marekani lilipoanzisha AAdvantage. Nia ilikuwa mteja anayesafiri sana asihame kwenda kwa jirani. Mashirika mengine yakafuata, na leo karibu kila ndege kubwa inayotua Dar es Salaam au Nairobi ina ya kwake: Emirates wana Skywards, Ethiopian wana ShebaMiles, Qatar Airways wana Privilege Club, Turkish wana Miles&Smiles. Gharama ya maili hizo imo ndani ya bei ya tiketi. Asiyejiandikisha halipi pungufu. Analipa bei ile ile, halafu faida inabaki kwa shirika.

Sasa mimi nina msimamo wangu: kama tiketi imelipwa na hela ya biashara, maili ni mali ya biashara. Ziandikwe kwenye daftari, zitumike kupunguza gharama ya mzigo unaofuata. Najua wengi hawatakubaliana nami. Wengine wanasema maili ni mambo ya mabosi na watu wa mashirika. Wengine wanasema ni kifuta jasho cha aliyekesha uwanja wa ndege. Twende taratibu, tuone nani ana hoja.

ZA NANI HASA?

Kisheria ya programu, maili ni za abiria ambaye jina lake liko kwenye tiketi. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Tuseme mko watatu, mmechanga hela, mmoja akatumwa China kuchukua mzigo. Tiketi mmeilipa wote, maili zimeingia kwake peke yake. Safari ya kwanza hakuna anayejali. Safari ya nne mwenzenu anakwenda zake Zanzibar kupumzika kwa hoteli aliyolipia kwa pointi, maneno yanaanza kwenye kundi la WhatsApp.

Dawa yake ni kukubaliana kabla ya safari, na kuandika. Yako mapatano ya aina mbili ninayoona ni ya haki. La kwanza: maili zikifika kiwango fulani zinatumika kwa tiketi au kilo za ziada za biashara, hata kama zimekaa kwenye akaunti ya mmoja. La pili: msafiri abaki na maili, lakini posho yake ya safari ipunguzwe kidogo. Chagueni moja. Kukaa kimya ndiko kunakoua ushirika.

Kuna jambo jingine hapo. Mkisafiri kwa zamu, leo huyu kesho yule, maili zinatawanyika kwa watu watatu na hakuna anayefikisha kitu. Kama mnaaminiana, mtumeni mmoja mwenye jicho la mzigo. Kama ni mume na mke wanaofanya biashara pamoja, baadhi ya programu zinaruhusu kapu moja la familia. Skywards wana kitu kinaitwa My Family, ambapo watu wa familia wanachanga maili zao sehemu moja.

HESABU NI MOJA TU

Usiulize "nina maili ngapi?" Uliza "maili moja inanipa shilingi ngapi?" Njia ni hii: chukua bei ya kitu kwa hela taslimu, toa kodi na tozo ambazo bado utalipa hata ukitumia maili, kisha gawa kwa idadi ya maili wanazotaka.

Natoa mfano wa kujifunzia hesabu tu, bei zako utazipata mwenyewe siku hiyo. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,800,000. Kwa maili wanataka 40,000, na kodi na tozo shilingi 600,000. Umeokoa 1,200,000. Gawa kwa 40,000, unapata shilingi 30 kwa kila maili.

Sasa tuseme kwenye duka la shirika hilo kuna begi la shilingi 150,000 wanalolitoa kwa maili 25,000. Hapo maili moja imekupa shilingi 6. Yaani umeuza mali ya shilingi 30 kwa shilingi 6. Ungekuwa unauza magauni hivyo, ungeshafunga duka.

Tuseme tena begi la ziada la mzigo linatozwa shilingi 400,000 uwanjani, na shirika linakubali maili 10,000 badala yake. Hiyo ni shilingi 40 kwa maili, imeipita hata tiketi. Ndiyo maana nasema mfanyabiashara asiangalie maili kwa jicho la mtalii. Mtalii anataka kiti cha mbele kinacholala kama kitanda. Wewe unataka kilo. Kabla hujatumia maili kwa kitu kingine chochote, uliza kama shirika lako linakubali kulipia mzigo wa ziada kwa maili, na kwa kiasi gani.

DARAJA: LINAKUFAA AU HALIKUFAI?

Mbali na maili za kutumia, kuna maili za kupandisha daraja: Silver, Gold na kuendelea. Kwa mtu wa mzigo, utamu wa daraja ni kilo. Mfano, ShebaMiles Gold inatambulika kwenye mashirika yote ya muungano wa Star Alliance, wakiwemo Turkish, EgyptAir na Air China. Mwenye daraja hilo kwa kawaida anaongezewa kilo 20, au begi moja pale mzigo unapohesabiwa kwa idadi ya mabegi. Begi zima, kila safari. Piga hesabu ya mwaka mzima mwenyewe.

Lakini hapa lazima tuwe wakweli. Skywards Silver inataka maili za daraja 25,000 au ndege 25 ndani ya kipindi chao cha takriban mwaka mmoja. Dar kwenda Guangzhou kupitia Dubai na kurudi ni ndege nne. Kwa hesabu ya ndege, unahitaji safari saba. Anayesafiri kila mwezi au kila miezi miwili, alifuate daraja. Anayesafiri mara mbili kwa mwaka, aachane nalo kabisa. Akianza kulipa tiketi ya bei kubwa ili "asipoteze daraja", atakuwa anafanya kazi ya shirika, sio ya duka lake.

Hii ndiyo kanuni yangu ya kwanza: tiketi yenye faida kwanza, maili baadaye. Shirika fulani likiwa chini kwa laki tatu na kilo zikawa sawa, panda hilo. Maili za kule hazifiki laki tatu. Tena linganisha bei pamoja na mzigo. Tiketi ya bei poa yenye begi moja inaweza kuwa ghali kuliko ya juu yenye mabegi mawili.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

1. Chagua programu moja, mbili zikizidi. Angalia njia yako unayopita zaidi. Wa Dubai na Guangzhou kupitia Dubai, Skywards inaingia akilini, na kumbuka flydubai nao wanatumia Skywards hiyo hiyo. Wa Istanbul leo na Guangzhou kesho, Turkish na Ethiopian wako muungano mmoja, kwa hiyo unaweza kuzikusanyia safari zote mbili kwenye akaunti moja, mradi aina ya tiketi inaruhusu. Kuwa na akaunti saba zenye maili elfu tatu tatu ni sawa na kuwa na vibubu saba, kila kimoja kina sarafu mbili.

2. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Programu ikikujua kwa majina mawili na tiketi ikawa na matatu, maili zinaweza zisiingie. Ukikata tiketi kwa wakala, mpe namba yako ya uanachama siku hiyo hiyo, na ukifika kaunta uwanjani muulize mhudumu kama inaonekana. Tunza bodingi pasi mpaka uone maili zimeingia. Zisipoingia, dai. Programu nyingi zinakubali madai ya safari iliyopita, lakini zina kikomo cha miezi, usingoje mwaka uishe.

3. Soma aina ya tiketi. Viti viwili vilivyopakana vinaweza kuingiza maili tofauti kabisa. Emirates kwa mfano wana Special, Saver, Flex na Flex Plus kwenye daraja la kawaida, na ya chini inaingiza kidogo. Sisemi ununue ya juu. Nasema ujue unachopata, ili usije ukashangaa kaka yako kapata nyingi kuliko wewe.

4. Andika tarehe ya kuisha. Maili za Skywards zinadumu miaka mitatu hivi, na programu nyingi nyingine zina kikomo chake. Weka kikumbusho kwenye simu. Maili zilizokwisha muda ni kama maziwa yaliyoganda dukani.

USINGOJE MSIMU

Viti vya maili ni vichache, na siku ambazo kila mtu anataka kusafiri vinaadimika. Maonyesho ya Canton Fair pale Guangzhou hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na wakati huo ndege na hoteli za mji ule zinapanda bei. Ukitaka kutumia maili kipindi hicho, tafuta kiti miezi kadhaa kabla. Kuelekea mwaka mpya wa Kichina viwanda vinafungwa, kwa hiyo hata ukipata kiti cha bure utakuta mageti yamefungwa. Panga kwa kurudi nyuma: unataka mzigo uwe mkononi lini, Idi, Krismasi au kufungua shule? Hesabu kutoka hapo.

NA HOTELI JE?

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu wengi wetu tunalala hoteli ndogo za Deira, Xiaobei au Sanyuanli ambazo hazina programu yoyote. Hapo programu yako ni mwenye hoteli. Rudi kwake, mpelekee wageni, omba bei ya mteja wa kila siku na sehemu ya kuhifadhi mzigo bure. Hiyo stoo pekee inaweza kuzidi pointi zote.

Ukilala hoteli za makundi makubwa, jiunge kabla ya kulipa, maana wanachama mara nyingi wanapewa bei ya chini hata siku ya kwanza. Mahesabu ya Accor, wenye hoteli za ibis, ni mepesi: pointi 2,000 zinakukatia euro 40 kwenye bili. Ila ukikata chumba kupitia tovuti ya kati kama Booking.com, kwa kawaida hupati pointi za hoteli. Huko unapata punguzo lao wenyewe la Genius, linaloanzia asilimia 10 kwa hoteli zinazoshiriki. Linganisha bei mbili, chukua inayobakiza hela nyingi mfukoni leo.

MAILI HAZIUZWI KICHOCHORONI

La mwisho, na hili ni zito. Kuna watu wanapita kwenye makundi wakinunua maili, na wengine wanauza tiketi "za bei ya kutupa" zilizokatwa kwa maili za watu. Programu karibu zote zinakataza kuuziana maili. Wakigundua, wanaweza kufunga akaunti na kufuta tiketi. Fikiria uko Guangzhou, mzigo umefungwa, hela imekwisha, unaambiwa kaunta tiketi yako haipo. Aliyekuuzia kazima simu. Hapo laki mbili ulizookoa zimeshakula mtaji mzima. Na neno lako la siri usimpe wakala hata kama mnasali pamoja.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, fanya kitu kimoja: fungua barua pepe yako, tafuta safari zako za miezi sita iliyopita, uone kama maili ziliingia. Zilizopotea zidai. Zilizopo ziandike kwenye daftari la biashara, chini ya mtaji, pamoja na tarehe ya kuisha.

Nyie mnaosafiri kwa kuchangishana, maili mnagawanaje? Andika hapo chini, wenzako wajifunze. Na kama una mwenzako anaondoka wiki hii kufuata mzigo, mtumie hii kabla hajakata tiketi.