Walanguzi wa Hofu na Vitakia vya Mionzi

Ipo bidhaa inayopita mikononi mwa wachuuzi hadi njia panda ya Makambako, na kutoka hapo huteremka pamoja na abiria mpaka vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Ni kitakia chembamba chenye kitambaa cha kumetameta ndani yake, ambacho mwenye kompyuta hukitandika mapajani kabla ya kuifungua mashine yake. Karatasi yake hunadi kwamba hukinga joto na mionzi, na kwa wanaume huahidi kulinda uzazi. Mwalimu mmoja kijana wa Lupingu, wilayani Ludewa, alinionyesha chake kwa fahari. Nilipomwuliza bei, alikiri mwenyewe kwamba fedha ile ingemtosha kununua meza ndogo.

Lazima tuseme wazi: huo ni ulanguzi. Mlanguzi wa zamani alificha sukari na sabuni, na mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi vilimfuata hadi uvunguni. Huyu wa leo hafichi kitu. Huanika hofu hadharani, kisha huuza kinga yake.

Silaha yake ni kufunga mambo mawili katika furushi moja, yaani joto na mionzi. Hebu tulifungue furushi hilo. Mionzi ya eksirei na ya madini ya urani ina nguvu ya kuvunja chembe za mwili, na kwa ajili yake Taifa lilitunga sheria mwaka 1983, kisha nyingine mwaka 2003 iliyounda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Mawimbi ya kompyuta mpakato ni jamaa ya mawimbi ya redio, wala hayana nguvu hiyo. Mashine inayotafuta intaneti bila waya hutoa kwa kawaida kiasi cha sehemu ya kumi ya wati moja, au pungufu. Simu iliyomo mfukoni mwa mnunuzi yaweza kutoa zaidi. Tena, katika kompyuta nyingi antena hukaa kandokando ya kioo, juu, ilhali kitakia kimelala chini. Ni sawa na askari aliyewekwa mlango wa uani wakati mgeni amekwisha kuketi sebuleni. Na kama kitakia kingezuia mawimbi yote kweli, mwalimu wetu asingepata intaneti hata kidogo.

Watetezi wa biashara hii hukimbilia tangazo la mwaka 2011 la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ni kweli lilitangaza hivyo, nasi hatuna sababu ya kulificha. Lakini katika kundi hilohilo zimo mboga za achari za kienyeji za bara la Asia. Mbona hatujamwona mchuuzi wa kitakia cha achari? Huko Marekani, mwaka 2002, Serikali iliwashitaki wafanyabiashara walionadi vikinga mionzi vya simu kwa madai yasiyo na ushahidi. La kuchekesha na kutisha zaidi lilitokea Uholanzi. Desemba 2021, mamlaka ya usalama wa nyuklia ya nchi hiyo iliwaonya wananchi juu ya bidhaa kumi, zikiwamo mikufu na bangili zilizouzwa kama kinga ya mawimbi ya simu, kwa kuwa zenyewe zilikuwa zikitoa mionzi, ile hasa ya kuvunja chembe!

Kuhusu joto, mchuuzi ana nusu ya ukweli, na ndiyo maana uwongo wake unauzika. Ngozi inayokaa karibu na moto kwa muda mrefu, hata bila kuungua, huweza kuota mabaka mekundu yanayogeuka kahawia kama wavu. Waota moto waliyajua mabaka hayo kabla kompyuta haijabuniwa. Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi waliandika habari za mtoto wa miaka 12 aliyeyapata pajani kwa kuipakata kompyuta. Kwa upande wa wanaume, watafiti wa Stony Brook, jimbo la New York, walipima joto la korodani la watu 29. Mashine ikiwa mapajani na miguu imebanwa, joto lilipanda kwa digrii moja katika dakika 11. Walipoongeza kitakia, digrii hiyo hiyo ilifikiwa katika dakika 14. Dakika tatu! Hizo ndizo mwalimu wa Lupingu alizonunua kwa bei ya meza. Walipotanua miguu pamoja na kitakia, ilichukua dakika 28, na kutanua miguu hakuuzwi dukani. Utafiti ule ulipima joto tu, haukupima utasa. Mchuuzi ndiye aliyeongeza utasa kwa faida yake. Wala hasemi kwamba kitu laini chini ya mashine huziba matundu ya hewa na kuizidisha moto.

Labda hata jina limetuponza. Tumeiita mpakato, nasi tukaipakata kama mtoto mchanga, huku watengenezaji wengi wakiandika vitabuni mwao kwamba isikae mapajani kwa muda mrefu.

Mama anayejitwika ndoo kichwani huweka ngata, naye anajua inafanya nini: inatuliza mzigo, haiuondoi. Hakuna aliyemdanganya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika kando ya redio kujifunza chanzo cha magonjwa ili wajikinge kwa mikono yao. Leo tumemwachia mchuuzi kazi ya kufundisha, na somo lake ni kasumba. Wakati huohuo mionzi ya jua inawaletea ndugu zetu wenye ualbino saratani ya ngozi, nao wanahitaji kofia pana na mafuta ya kujikinga, kama yale yaliyoanza kutengenezwa KCMC, Moshi. Hofu yetu ingeelekezwa huko, ingeokoa watu.

Tume ya Nguvu za Atomu na Shirika la Viwango wavipime vitakia hivi na kutangaza matokeo kwa Kiswahili. Anayeandika kwamba bidhaa yake inakinga mionzi aonyeshe cheti, au Tume ya Ushindani imwondoe sokoni. Na viongozi wetu wa Ludewa wajiulize kwa nini mwalimu anafanyia kazi mapajani, katika mkoa wa misonobari ambao malori yake ya mbao hupita Makambako kwenda Dar es Salaam. Mbao tunazo, mafundi tunao. Kamati ya shule ikutane mwezi huu, ihesabu walimu, kisha ihesabu meza.