Utafiti wa Saratani Kigoma: Baada ya Kampasi, Maswali ya Kasulu na Kibondo

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

Ujenzi wa Kampasi ya Kigoma ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) ni miongoni mwa kazi zinazotekelezwa kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kwa jina la HEET. Mradi huo ulianza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Taarifa nyingi zinazohusu kampasi hiyo zimeeleza majengo na nafasi za masomo, na ni kweli kwamba sisi maafisa habari hupenda kuhesabu kile kinachoonekana kwa macho. Hata hivyo, chuo kikuu cha afya hakiji na madarasa peke yake. Huja na watafiti, nao huhitaji watu watakaokubali kupimwa, kuhojiwa na kufuatiliwa kwa miaka. Katika nyanda za juu za Kigoma, wengi wa watu hao watatoka Kasulu na Kibondo.

Miongoni mwa magonjwa yanayostahili kutafitiwa huku, saratani ina nafasi yake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliiweka Tanzania kwenye wagonjwa wapya wa saratani wapatao 40,000 na vifo vinavyokaribia 27,000 kwa mwaka. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilikadiriwa kuwapata wanawake zaidi ya 10,000. Hii ni saratani inayoweza kukingwa kwa chanjo na kutambuliwa mapema kwa kipimo kinachofanyika katika kituo cha afya, kwa siki iliyopimwa vizuri na jicho la muuguzi aliyefunzwa. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, safari ya kutoka maambukizi ya virusi vya HPV hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Muda wa kuuzuia ugonjwa upo. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu wa kumfikia mhusika ndani ya muda huo, na hapo ndipo utafiti unapopata kazi yake.

Mwananchi anaposikia neno utafiti, huwaza darubini na wataalamu waliovaa makoti meupe. Sehemu kubwa ya utafiti wa saratani ni utawala: bajeti, vibali, mikataba, usafirishaji wa sampuli, malipo ya wasaidizi, na daftari la watu wanaopaswa kurudi tarehe fulani. Pendekezo la utafiti hupita kwanza kwenye kamati ya maadili ya chuo husika. Kwa ngazi ya taifa, hupita kwenye kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mtafiti kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na majaribio ya dawa au chanjo hayawezi kuanza bila idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Baada ya hapo barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, halmashauri, kata na kijiji. Wapo watafiti wanaolalamika kwamba mlolongo huo ni mrefu. Ukiutazama kutoka upande wa mama anayeombwa kutoa damu au kipande cha nyama ya mwili wake, urefu huo una maana.

Jambo lisiloonekana wazi katika vibali hivyo ni nini kitatokea siku utafiti utakapompata mgonjwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mwanamke wa Mabamba, wilayani Kibondo, aliyejitokeza kupimwa kupitia mradi wa chuo. Mabadiliko madogo ya awali hutibiwa palepale kwa kugandisha au kuunguza sehemu iliyoathirika. Likionekana jambo la kutia shaka zaidi, huchukuliwa kinyama ambacho lazima kifike kwa mtaalamu wa patholojia, na majibu lazima yarudi kumpata mwenyewe, si kuishia kwenye kompyuta ya mradi. Ikithibitika kuwa ni saratani inayohitaji mionzi, tiba haipo Kibondo wala Kasulu. Itambidi aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Tiba ya mionzi huchukua wiki kadhaa mfululizo, na kuikatiza katikati hupunguza uwezekano wa kupona. Wakati huo wote lazima apate mahali pa kulala na chakula, na nyumbani abaki mtu wa kulea watoto na kupalilia maharage.

Upande wa usafiri hali inazidi kuwa nzuri. Barabara ya Manyovu–Kasulu–Kibondo–Kabingo, yenye kilometa 260.6, imekuwa miongoni mwa kazi kubwa za ujenzi mkoani kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa msafiri anayeelekea Mwanza kupitia Geita. Lakini barabara nzuri haimlipii mgonjwa nauli. Mradi unaopanga kupima wanawake 2,000 bila kutenga fedha ya kuwasindikiza wale wachache watakaokutwa na ugonjwa una kasoro ya kimaadili, hata kama takwimu zake zitachapishwa katika jarida lenye heshima. Kwa maoni ya mwandishi, kifungu hicho cha bajeti ndicho cha kwanza ambacho halmashauri ingepaswa kukiulizia kabla ya kuupokea mradi wowote wa uchunguzi wa saratani.

Tanzania haianzi sifuri katika kazi hii, na mfano ulio karibu zaidi umetoka Mwanza. Mwaka 2017 watafiti wa kitengo cha majaribio ya tiba cha Mwanza, wakishirikiana na NIMR na Chuo cha London cha Usafi na Tiba ya Magonjwa ya Ukanda wa Joto, walianza utafiti uliojulikana kwa kifupi kama DoRIS. Wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa bahati nasibu ili wapate dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya HPV, kisha wakafuatiliwa kuona kama miili yao imejenga kinga. Matokeo ya miezi 24, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba karibu wasichana wote waliopata dozi moja walikuwa na kinga dhidi ya aina ya virusi inayosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo. Pamoja na ushahidi kutoka Kenya na kwingineko, matokeo hayo yaliliwezesha Shirika la Afya Duniani kukubali mwaka huohuo kwamba dozi moja inaweza kutumika. Tanzania, iliyoanza kutoa chanjo hiyo nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili, ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 mwaka 2024.

Kwa shule ya msingi ya Busunzu au Makere, maana yake ni kwamba muuguzi mwenye kisanduku cha baridi hahitaji kurudi mara ya pili kumtafuta msichana aliyehama na wazazi wake. Wasichana wa Mwanza waliokubali kuchomwa sindano na kutolewa damu mara kwa mara ndio waliowarahisishia wenzao wa Kigoma. Katika utafiti wa namna hiyo, ufundi wa maabara ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kutowapoteza washiriki: kujua nyumba ya kila msichana, nambari ya simu ya jirani, na jina la mwalimu wake.

Mfano wa pili ni wa zamani na haufahamiki sana. Kaskazini mwa Mkoa wa Mara, Hospitali ya Shirati ilianza mwaka 1964 kuorodhesha watoto wenye uvimbe wa taya unaoitwa saratani ya Burkitt, ambao daktari Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Watafiti walishuku kwamba malaria ya mara kwa mara huchangia ugonjwa huo. Kati ya mwaka 1977 na 1982, kwa kushirikiana na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini kila baada ya wiki mbili. Saratani ilipungua hadi kiwango cha chini kabisa, na vidonge viliposimama ikapanda tena. Ingekuwa rahisi kutangaza ushindi. Orodha ya Shirati ilizuia haraka hiyo, kwa sababu ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge kugawiwa. Wakati huohuo vimelea vya malaria vilikuwa vinazoea dawa. Watafiti walilazimika kuandika hitimisho la tahadhari, na walifanya vyema.

Kasulu na Kibondo zina la kujifunza hapo. Rejesta ya wagonjwa inayoandikwa kwa uaminifu kabla mradi haujafika ina thamani kuliko vifaa vingi vinavyoletwa na mradi wenyewe. Hospitali ya wilaya au ile ya Kabanga inapoandika umri, kijiji, aina ya uvimbe na hatua ya ugonjwa kwa kila mgonjwa, huwa tayari inafanya utafiti bila kuuita hivyo.

Suala la fedha halikwepeki. Miradi mingi ya saratani katika vyuo vyetu imeegemea ushirikiano na vyuo vya nje, hasa Marekani. MUHAS na Ocean Road, kwa mfano, zimekuwa na ushirikiano wa miaka kadhaa na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huiruhusu taasisi ya nje kupata asilimia 8 tu kwa ajili ya gharama za uendeshaji, ilhali vyuo kadhaa vya Marekani vimezoea viwango vinavyozidi asilimia 50. Katika asilimia hizo 8 ndimo hutakiwa kupatikana mhasibu wa ruzuku, mkaguzi wa ndani, intaneti, umeme wa dharura na muda wa kamati ya maadili. Kisha Mei 2025 taasisi hizo zilitangaza kusitisha mfumo wa ruzuku ndogo zinazopitia chuo cha Marekani kwenda kwa washirika wa nje, hadi utaratibu mpya uwekwe. Chuo kilichokuwa na ofisi imara ya kusimamia ruzuku kiliweza angalau kujua mkataba upi umeguswa na mshiriki yupi anasubiri tiba. Kwa chuo kisicho na ofisi ya namna hiyo, hata hilo ni gumu kulijua.

Uganda iliyapitia haya mapema. Kituo cha saratani cha Mulago kilianzishwa mwaka 1967 kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chini ya daktari kijana John Ziegler, na kikaonyesha kwamba saratani ya Burkitt inaweza kutibika kwa dawa. Hali ya kisiasa ilipoharibika katika miaka ya 1970, Wamarekani waliondoka. Mganda Charles Olweny alikishika kituo na kuendelea kutibu katika mazingira magumu. Leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kilinusurika kwa sababu palikuwa na mwenyeji aliyeandaliwa kukiongoza. Kampasi ya Kigoma itahitaji wasimamizi wa miradi walioandaliwa hivyo, na pengine wawili au watatu wao wawe wanazungumza Kiha.

Liko pia suala la kambi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwepo tangu mwaka 1996, na Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea Warundi. Mkimbizi anaweza kurejea kwao kabla ufuatiliaji wa miezi 24 haujakamilika, na anaweza kudhani kwamba akikataa kushiriki atapunguziwa huduma. Ridhaa inayotolewa kwa hofu si ridhaa. Utafiti wa saratani makambini haupaswi kukatazwa kwa sababu hizo, maana wagonjwa wapo, ila msimamizi wake lazima aeleze mapema jinsi kumbukumbu za mgonjwa zitakavyovuka mpaka pamoja naye.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sasa inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sampuli zinazopelekwa nje nazo huhitaji makubaliano maalumu yanayotaja zitatumika kwa nini na nani mwenye mamlaka juu yake. Mshiriki ana haki ya kusomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, kubaki na nakala yake, na kujitoa wakati wowote bila kupoteza tiba aliyokuwa akiipata. Fomu hiyo huwa na nambari ya kibali cha maadili na simu ya mtafiti mkuu. Mwananchi wa Kasulu au Kibondo anayetaka kujiridhisha kuhusu mradi uliofika kijijini kwake aichukue nakala hiyo hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji au ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na aulize mambo mawili: kama barua ya utambulisho imepokelewa, na nani atamlipia nauli ya kwenda Mwanza iwapo majibu yatakuja mabaya.