BUNDUKI ZA WAKUBWA



Wako wasemao ugomvi wa Marekani na Urusi ulikuwa mambo ya mbali. Mwulizeni dereva wa lori wa Garissa! Urusi iliijaza Somalia silaha. Vita vya Ogaden vilipowaka mwaka 1977, ikahamia upande wa Uhabeshi. Marekani nayo ikamkumbatia Siad Barre, ikapewa ruhusa ya kutumia bandari ya Berbera mwaka 1980. Barre alipoanguka 1991, hakuna mkubwa aliyerudi kukusanya bunduki zake. Zikavuka mpaka pamoja na njaa, Dadaab ikajaa wakimbizi, na malori yetu yakawa hayaendi bila askari.

Leo Marekani na Uchina wana kambi za majeshi Djibouti. Mbunge akija kuomba kura, tumwulize: silaha hizi nazo, atazikusanya nani?